Sahani ya Kulinganisha

Mdogo wangu akiwa bado msichana wa shule, mama alileta nyumbani sabuni mpya ambayo jirani yetu alikuwa ameisifia mpaka koo likamkauka. Mimi nilikuwa nimeshakunja mikono ya gauni na kuinama kwenye beseni, tayari kufua. Yeye akanipokonya foronya, akachukua mkasi wa mama, akaikata katikati bila kupepesa macho. Nusu moja akaniambia niifue kwa sabuni mpya. Nusu ya pili niifue kwa maji matupu, kwa nguvu zilezile na kwa muda uleule. Tukazianika kwenye kamba moja. Zilipokauka, hakuna aliyeweza kuzitofautisha.

"Sabuni hii haina kazi," akatangaza, jirani mwenyewe akiwa amesimama palepale. "Kinachotakatisha ni mikono ya dada."

Jirani akanuna, mama akaomboleza foronya yake, na mtoto akapata jina. Mtaa mzima ukaanza kumwita Mbili-Mbili, na wapo watu hapa, leo wana wajukuu, ambao hawajui jina lingine alilonalo.

Hakuacha tabia hiyo. Ukimwambia chai ya leo tamu kwa sababu ya majani mapya, anataka kikombe cha majani ya zamani akiweke pembeni. Alipokuja mchumba wa kwanza, kijana mtanashati mwenye viatu vya kung'aa, tulimwuliza baadaye anamwonaje. "Siwezi kusema," akajibu, macho makavu. "Sijapata wa kumlinganisha naye." Baba alitoka nje ili acheke vizuri. Kijana yule hatukumwona tena. Aliyemwoa ni mwalimu wa hesabu, mtu mpole, ambaye aliposimuliwa kisa hicho alisema hata yeye angetaka kulinganishwa.

Nimeanza na foronya kwa makusudi. Bila hiyo hamtaelewa habari ya mguu wangu, na bila mguu wangu hamtamwelewa mdogo wangu ni mtu wa namna gani.

Mimi ni fundi cherehani, cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Shuleni sikufika mbali na sijutii sana, maana mikono yangu imenilisha. Mbili-Mbili alisoma mpaka akawa mtaalamu wa maabara katika hospitali kubwa ya mji wetu. Koti lake la kwanza jeupe nililishona mimi. Nikalitia mifuko miwili inayofanana kabisa, nikamwambia mmoja ni wa kazi na mwingine ni wa kulinganisha. Alicheka, akalivaa mpaka kola ikachakaa.

Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya jengo, ukishapita dirisha la kupokelea vichupa vya mkojo. Kuna meza ndefu, taa ya gesi, friji linalokoroma kama mzee mwenye mafua, na sanduku la joto linalotunza sahani zake. Usifikirie sahani za chakula. Ni visahani vya plastiki vyenye vifuniko, ndani yake kuna rojo iliyoganda, na juu ya rojo anapaka usaha, makohozi au chochote alichotoa mgonjwa. Kesho yake wadudu wameota kama ukungu juu ya mkate. Yeye huwaita bakteria. Mimi nawaita wadudu, na hajaweza kunibadilisha. Kisha anaweka dawa. Dawa ikifanya kazi, panabaki duara safi kuizunguka. Ikishindwa, wadudu wanaota mpaka mlangoni kwake bila haya.

"Zamani maduara yalikuwa mapana," aliniambia siku moja akinisaidia kupiga pasi sare za shule. "Siku hizi, dada, nafungua sanduku asubuhi, sahani baada ya sahani, hakuna duara. Antibiotiki ni zilezile. Wadudu wamezizoea."

"Mtu anazoeaje sumu?"

"Wana mbinu nyingi. Wengine wana pampu. Dawa ikiingia ndani yao wanaitoa nje kabla haijawadhuru. Kama mtu ambaye nyumba yake imeingia maji, naye anachota na kumwaga dirishani haraka kuliko yanavyoingia."

"Basi mwibieni ndoo."

Akaiweka pasi chini, akanitazama vizuri. "Ndiyo kazi tunayofanya mchana," akasema.

Asubuhi alikuwa wa wagonjwa. Mchana alikuwa wa mkemia, bwana mmoja mwembamba kutoka chuoni aliyekuja na vichupa vya maji ya majani, magome na mizizi. Mmea hauna miguu ya kukimbia, mdogo wangu alinieleza, kwa hiyo tangu zamani umekuwa ukipigana na wadudu papo hapo uliposimama. Vitu vingine vilivyomo ndani yake haviui mdudu hata kidogo. Vinaziba tu pampu. Basi ukivichanganya na dawa ya zamani ambayo kila mtu ameshaikatia tamaa, huenda ile dawa ikaamka. Walikuwa wakijaribu mmea mmoja baada ya mwingine. Mingi haikufaa kitu. Kuna mmoja, wa kawaida kabisa, unaoota kando ya mitaro, ambao mkemia alikuwa na imani nao. Jina lake sitaliandika. Nawajua ninyi. Kesho mtakuwa mmeshauchemsha na kuunywa.

Halafu sindano ikavunjika kwenye cherehani yangu. Nilizoea kukanyaga peku, maana nikivaa viatu sisikii mashine inakwendaje. Kipande kikaanguka, nikakikanyaga kwa mguu wa kulia. Nina ugonjwa wa sukari, na wenye sukari wenzangu wanajua: nyayo zinakufa ganzi, zinakuwa kama za mtu mwingine. Nilipokuja kushtuka, mguu ulikuwa umevimba na unanuka.

Nikameza vidonge, havikusaidia. Nikalazwa. Nikatundikiwa dripu hii, wakaibadilisha, wakatundika nyingine. Usaha wangu ukapelekwa kwenye chumba kile cha nyuma, na aliyeupaka kwenye sahani ni mdogo wangu mwenyewe. Alipokuja wodini na majibu, sikuhitaji kumwuliza. Alikuwa amekunja mdomo kama anayeshikilia pini.

"Hakuna duara?"

"Hakuna, dada. Hata moja."

Ilikuwepo dawa moja ambayo pengine ingefaa, lakini hospitali haikuwa nayo, wala mji mzima. Daktari wa upasuaji, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha gwaride, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu na kuniambia bila kuzunguka. "Leo naweza kukata vidole na sehemu ya mbele ya unyayo. Kisigino kitabaki. Utatembea, na cherehani yako utakanyaga. Tukichelewa, siahidi chochote."

Mume wangu akanishika bega. Nikaomba kalamu nisaini. Nilikuwa nimepiga moyo konde. Vidole ni vidole, mimi nilitaka kisigino changu. Nikiwa nimeishika kalamu, Mbili-Mbili akaingia mbio, koti halijafungwa vifungo.

"Dada, usisaini."

Alikuwa amemchukua mdudu wangu, akatoboa vishimo kwenye rojo, akatia mchanganyiko wa dawa ya zamani na maji ya mmea ule wa mkemia. Alikuwa ametoka kufungua sanduku muda huohuo. "Kuna duara," akasema. "Pana, kama kifungo cha koti la baridi. Mdudu wako, dada! Ameshindwa!" Akaanza kulia huku anacheka. Alitaka muda kidogo tu, apite kwa wakubwa wa hospitali aombe ruhusa kidonda kioshwe kwa dawa ile.

"Sahani si mtu," daktari akasema.

"Najua, daktari. Naomba siku chache."

"Mguu huu hauna siku chache."

Wote wakanigeukia mimi. Nikaiweka kalamu chini. Watu wameniuliza sana kwa nini, na jibu ni fupi. Angekuwa mtu mwingine yeyote, mganga, mchungaji, jirani, mkemia mwenyewe, ningesaini. Lakini huyu ni mtu ambaye hakuiamini hata sabuni. Maisha yake yote alikuwa akikataa kuamini kwa niaba yetu sote. Siku aliposema ameamini, mimi ningekataa vipi?

Nikasubiri. Homa ikapanda. Mume wangu alikaa pembeni roho juu, akiutazama mguu kila mara na kujifanya hautazami. Mdogo wangu alikuwa akizunguka ofisi hadi ofisi. Nilisikia viatu vyake vikipita kwenye korido, vikienda na kurudi. Wakubwa walikuwa hawajakubali wala hawajakataa. Weusi ulikuwa umeshavuka vidole, ukaanza kupanda kwenye kifundo.

Asubuhi moja mdogo wangu akaja hana haraka. Daktari alikuwepo, anafungua bandeji.

"Dada, saini," akasema.

"Wamekataa?"

"Hawajajibu. Saini tu. Lile duara si la mmea."

Sikumwelewa. Akavuta pumzi, akaeleza, na alieleza kwa daktari na kwa shemeji yake na kwangu sote pamoja, kwa sauti ambayo hata wa kitanda cha jirani walisikia. Mkemia huloweka majani kwenye spiriti ili yatoe kilichomo. Spiriti nayo inaua wadudu, kila muuguzi anajua. Kwa hiyo kila wanapojaribu mmea huweka sahani nyingine yenye spiriti peke yake, ya kulinganisha, wajue kilichofanya kazi ni nini. Siku ile hakuiweka. Aliiweka baadaye, siku moja tu kabla ya kuja kwangu. Asubuhi hiyo alikuwa ameifungua. Duara lilikuwa lilelile, pana vilevile, na ndani yake hakukuwa na jani wala dawa.

"Wewe?" nikamwuliza. "Wewe hukuweka ya pili?"

"Alikuwa mdudu wako," akasema. "Sikutaka kulinganisha, dada. Nilitaka tu."

Daktari hakumkemea. Aliutazama mguu, akauminya hapa na pale, akaweka kiganja chake chini kidogo ya goti langu. "Sasa ni hapa," akasema.

Nikasaini. Na niseme ukweli, sipendi habari za kupambwa: saa ile nilimchukia mdogo wangu. Niliuchukia uso wake, mifuko yake miwili na yale machozi. Nilikuwa nimempa kisigino changu akitunze, naye akakipoteza.

Niliporudi nyumbani cherehani ilikuwa kwenye kona yake, imefunikwa kitambaa kama maiti. Mbili-Mbili alikuja kila siku akitoka kazini. Alipika, alifua, aliosha kidonda na kukifunga vizuri kuliko wauguzi. Sikumsemesha. Alikuwa akiingia anasema "Shikamoo, dada," nami naitikia kwa sababu salamu haikataliwi, halafu basi, namtazama kama ukuta.

Mama ndiye aliyeanza kuongea, siku mdogo wangu alipokwisha kuondoka. "Mtoto huyu naye," akasema, akichambua mboga. "Kulikuwa na haja gani ya kujitangaza vile mbele ya watu? Angesema tu wakubwa wamekataa. Ungesaini vilevile."

Mama alisema kwa kumwonea huruma tu, lakini maneno yake hayakuniacha. Nilikaa nikiyageuza. Kweli, angesema wamekataa. Nani angejua? Mimi ningesaini, mguu ungekatwa palepale, kisha ningemshika mikono na kumshukuru kwamba alinipigania. Angekuwa shujaa wa familia. Mlango ule ulikuwa wazi kabisa mbele yake, na hakuna aliyekuwa anamtazama, naye akapita upande wenye miba akiwa na macho yake mawili. Nilikuwa nimemkasirikia kwa sahani ambayo hakuiweka. Sikuwa nimefikiria hata mara moja kwamba hiyohiyo ndiyo aliyoiweka baadaye, bila kuambiwa na mtu, akijua itamwonyesha nini.

Hasira haikuisha siku hiyo. Nisiwadanganye. Lakini ilipoa, ikawa kitu ninachoweza kukikalia.

Baada ya hapo Mbili-Mbili akaja na habari yake. Alikuwa anafunga bandeji, kichwa ameinamisha. "Nimeomba wanihamishe, dada. Nitakaa pale dirishani, nipokee sampuli. Sahani basi."

"Na mdudu wangu mlimtupa?"

Alishtuka, kwanza kwa kuwa nimesema. "Hapana. Tunawahifadhi. Yuko kwenye friji la baridi kali."

"Ana jina?"

"Ana namba. Lakini pale kazini..." Akasita. "Pale kazini tunamwita Fundi."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Nilicheka mpaka kisiki cha mguu kikaniuma. Kisha nikamwambia yaliyokuwa yamenikaa rohoni. "Yaani mguu wangu mimi umezikwa, halafu yeye anakula baridi kwenye friji kama bosi, na ametwaa na cheo changu? Na wewe unataka kwenda kukaa dirishani kupokea mikojo? Hunihurumii hata kidogo. Rudi ukamwibie ndoo yake. Na siku utakayokuja kuniambia umemweza, usije na sahani moja."

Alimaliza kufunga, akaikata bandeji, akabaki ameshika mkasi. Kesho yake hakuja mapema kama kawaida yake, alichelewa, na alipoingia alinuka spiriti ya mkemia.

Miaka imepita tangu hapo. Nilijifunza kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Mwanzoni mishono ilikwenda kama mlevi, wateja wakavumilia, na wasiovumilia nikawaambia waende wakashone kwingine. Nilipewa mguu wa bandia unaogonga sakafu, wajukuu wanajua bibi anakuja kabla hajafika. Mbili-Mbili na mkemia waliachana na maji ya majani yaliyochanganyika hovyo. Walikuwa wakiyatenganisha, kitu kimoja kimoja, wakikausha spiriti yote kwanza, hata ile ya sahani ya kulinganisha, wakipima kila kimoja pamoja na dawa ya zamani juu ya mgongo wa Fundi. Nilizoea kumwuliza, "Hajambo?" Naye hujibu, "Mzima, dada, ananenepa." Ukawa mchezo wetu. Mara nyingi niliona ameishiwa nguvu, nikampa vitambaa vya kupiga pasi.

Wiki iliyopita akaniita niende hospitali. Hakusema kwa nini. Nikavaa gauni zuri, nikagonga sakafu ya korido ile ndefu nikipita madirisha, mpaka chumba cha nyuma. Friji bado linakoroma. Mkemia alisimama kunipisha kiti, nywele zake zimekuwa nyeupe. Mdogo wangu alikuwa na koti jipya, lakini mifuko ilikuwa miwili. Juu ya meza kulikuwa na visahani, vifuniko vyake vimefungwa kwa utepe, vimefunikwa kitambaa.

"Kabla hujaona," akasema, "ujue hii ni sahani. Si mtu. Kuna kazi ya miaka, na huenda mwisho wake isiwe dawa."

"Nimeshaambiwa hilo," nikamjibu. "Liligharimu mguu."

Akatabasamu. Akaanza kukifunua kitambaa upande wa kulia, ambako niliona ukingo wa kisahani kinachong'aa. Nikamshika mkono.

"Hiyo baadaye," nikasema. "Kwanza nionyeshe ya spiriti."

Ilikuwa tayari katika mkono wake mwingine. Alikuwa ameishika tangu nilipoingia.

Nikaipokea, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nikatafuta duara. Nikaigeuza, nikatafuta tena kama ninavyotafuta mshono uliorukwa. Hakukuwa na duara. Fundi alikuwa ameota mpaka ukingoni, mnene, mzima, hana hata alama ya kuguswa na spiriti. Ndiye aliyenila mguu, na nilifurahi kumwona mzima mpaka nikalia.